Kishikwambi Kisicho na Laini: Mafunzo Niliyopata Kati ya Gerezani na Sharjah

Mimi ndiye ninayeshika hesabu za duka la spea la ami yangu, Gerezani, Kariakoo. Sehemu kubwa ya mzigo wetu hutoka Sharjah, kwenye yadi za magari yaliyofumuliwa: injini, giaboksi, taa, milango, vioo. Kazi hiyo imenipitishia mikononi vifaa vya kila namna, kuanzia vile ambavyo Nokia ilivipa jina la vishikwambi vya intaneti mpaka hivi vinavyopangwa leo kwenye meza za mtaa wa Aggrey. Katika vyote nimekutana na ubishi mmoja. Mtengenezaji akiwa na muda na pesa za kulifanya vizuri jambo moja tu, aanze na programu za kazi au programu za kupigia simu? Mimi nipo upande wa kazi. Ami yupo upande wa simu, na kuna siku hoja zake hunishinda. Haya ndiyo niliyoyapata katika ubishi huo.

1. Kifaa kisicho na laini huulizwa simu kwanza

Nokia 770 iliingia sokoni mwishoni mwa 2005. Ilikuwa na kioo cha inchi 4.1 chenye upana wa nukta 800, kalamu ya kugusia, waifai na bluetooth, lakini hakuna pa kuchomeka laini. Kampuni iliyokuwa ikiuza simu nyingi kuliko nyingine yoyote duniani ilikuwa imetoa kitu chenye sura ya simu ambacho si simu. Mwaka 2007 ikaja N800, ndiyo niliyoipata mimi kwa mtu aliyeichoka, na kabla ya mwaka huo kwisha ikaja N810 yenye kibodi ya kutelezesha na GPS.

Pale Gerezani hakuna aliyeishika N800 yangu bila kuigeuza nyuma.

"Laini inaingia wapi?"

"Haina laini."

"Sasa unapigaje?"

Ami aliitazama kwa muda, akanirudishia. "Basi mwanangu, hii ni redio."

Nadhani swali la Gerezani liliwafikia hata Wafini wa Nokia wenyewe. Toleo la programu la 2006 lilileta simu za sauti kupitia Google Talk. N800 ikaja na kamera ndogo inayochomoza ubavuni, kwa ajili ya kuonana wakati wa kuzungumza, na Julai 2007 Skype nayo ikapata nafasi humo. Kalenda haikuwamo. Orodha ya majina ilikuwapo, ila ilitengenezwa kwa ajili ya kuchati na barua pepe, si ya kuwekea wateja. Kifaa kilichotangazwa kwa dola 399 kiliweza kukuonyesha uso wa mtu aliye bara jingine, lakini hakikuweza kukukumbusha kwamba kesho ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka kontena bandarini.

Nashuku kwamba hawakusahau. Nokia ilikuwa na simu za wafanyabiashara tangu Communicator ya 1996, na wakati huo ilikuwa ikiuza E61 na E90. Kalenda nzuri ndani ya kishikwambi ingekula soko la ndugu zake.

2. Simu inahitaji ruhusa ya watu, jedwali linahitaji chaji tu

Hili nimelipata Sharjah, na ndilo lililonifanya nichukue upande.

Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kupiga simu kwa intaneti kupitia kampuni isiyo na leseni ya nchi hakukuruhusiwa, na tovuti ya Skype ilikuwa imefungwa. Hata baadaye, simu za WhatsApp zilipokuja, zilikuta ukuta uleule. Mtu anayekwenda Dubai au Sharjah kununua mzigo anaujua ukuta huo vizuri: ujumbe unakwenda, picha inakwenda, ukibonyeza alama ya simu hakuna kitu. Oman nayo ilikuwa hivyo, na wenzetu wa Muscat walikuwa na mbinu zao za kupita pembeni ambazo si kazi yangu kuzieleza.

Kwa hiyo ile programu ambayo kila mtu aliisifu kwenye N800 ilikuwa bure mahali pale hasa nilipoihitaji. Nipo yadini, jua la Agosti limesimama utosini, mwenye yadi tunayemwita Haji ananiambia injini hii ina mtu mwingine anayeitaka, niamue. Namtaka ami hewani. Simpati, isipokuwa kwa simu ya kawaida ya kulipia dakika kutoka nchi nyingine, na wakati huo dakika hiyo ilikuwa na bei ya kukufanya uongee kama mtu anayekimbizwa.

Upande wa Dar nako kulikuwa na yake. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti yetu ya kwenda nje ilipitia setilaiti. Setilaiti za aina hiyo huning'inia karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Neno lako hupanda hadi huko na kushuka, na safari hiyo peke yake hula karibu robo ya sekunde. Jibu la mwenzako nalo hula robo nyingine, kabla hujahesabu uvivu wa mitambo ya njiani. Kwa barua pepe hilo si kitu. Kwa mazungumzo, mnagongana: wote mnasema "haloo", wote mnanyamaza, wote mnaanza tena. Na katika kupatana bei, ukimya una maana. Siku moja ami alikuwa kwenye Skype, katika intaneti kafe ya jirani, akiongea na muuzaji mmoja wa Nagoya. Ami alikubali bei. Kukubali kwake kulikuwa bado kuko angani yule bwana alipoona kimya, akadhani amekataliwa, akashusha. Ami aliisifu Skype kwa wiki nzima.

Lakini hiyo ilikuwa bahati tu. Jedwali langu halikutegemea bahati. Ndani ya N800 niliweka Gnumeric, programu ya majedwali iliyotengenezwa na watu wa Linux na kuletwa kwenye vishikwambi hivyo na wapenzi wake. Ilifunguka yadini, ilifunguka kwenye ndege, ilifunguka nyumbani umeme ukiwa umekatika. Hakuna mamlaka ya nchi yoyote iliyoweza kuizuia kujumlisha.

Tangu hapo, kila ninapoonyeshwa programu huuliza kwanza inahitaji ruhusa ya nani ili ifanye kazi. Simu inahitaji mtandao wangu, mtandao wa mwenzangu, kampuni iliyo katikati na serikali mbili. Ni vizuri kuwa nayo, ila singependa kifaa kizima kijengwe juu yake.

3. Programu ya kazi si ile ya kuandikia barua zenye nembo

Wauzaji wakisema "programu za biashara" humaanisha za ofisini: kuandika barua, kuonyesha slaidi ukutani. Sijawahi kumwonyesha mtu slaidi Gerezani. Ningejaribu, angeniuliza kama nimekuja kuomba kura.

Kazi yetu ipo kwenye mistari na nguzo. Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.6725, kwa hiyo kwenye jedwali langu hiyo ni namba isiyoguswa. Kinachobadilika ni dola kwa shilingi, na nimekiwekea kisanduku kimoja juu kabisa. Asubuhi nabadilisha kisanduku hicho, orodha yote inajipanga upya. Bila hivyo ningekuwa mtu wa kikokotoo na karatasi, nikikokotoa bidhaa moja moja huku Haji akiniangalia kwa huruma.

Sasa angalia nguzo ambayo wengi huisahau, ile ya nafasi. Kontena la futi 20 hubeba karibu mita za ujazo 33. Nauli ya meli hulipwa kwa kontena zima, na lisipojaa unalipia hewa. Kila kitu unachoingiza kinabeba sehemu yake ya nauli, na sehemu hiyo inafuata nafasi kinachokula. Injini ni nzito lakini ni ndogo. Mlango wa gari ni mwepesi, unainuliwa na kijana mmoja, yadini unauzwa kwa bei ya kukuchekesha, lakini umbo lake halipangiki, na ukiupanga vibaya unakula nafasi ya vitu vitatu. Ukiweka nguzo ya nafasi kwenye jedwali ndipo unapoona kwamba milango ile ya bei ya kutupa, ikifika Dar na kulipiwa ushuru, imekuwa ghali kuliko taa ulizoziacha kwa kuona bei yake kubwa.

Hesabu hiyo inataka kufanywa pale yadini, umesimama, kabla hujampa mtu mkono. Ukiifanya hotelini usiku, umekwisha kununua milango. Kioo chenye upana wa nukta 800 kilitosha kuonyesha nguzo zote sita za jedwali langu bila kusukuma huku na huku, wakati simu nyingi za zama hizo zilionyesha mbili na nusu. Hapo ndipo niliona faida ya kifaa kikubwa kuliko simu na kidogo kuliko kompyuta. Faida hiyo ilikuwa kwenye macho, na sikio halikuihitaji.

4. Mwenye nyumba ajenge nguzo, viti vitaletwa na wapangaji

Kuna hoja ya kifundi ambayo kijana mmoja wa kompyuta alinieleza, na nadhani ndiyo nzito kuliko zote.

Skype haikutengenezwa na Nokia. Ilitoka nje, ikakaa kwenye kifaa, ikafanya kazi yake bila kumgusa mtu. Programu za simu nyingi ziko hivyo, zinajitegemea. Zina orodha yake ya majina na akaunti yake, na mtengenezaji wa kifaa anachotakiwa kutoa ni kipaza sauti, spika na waifai.

Kalenda na orodha ya wateja haviko hivyo. Thamani yake ni kusomwa na programu nyingine zote. Namba ya Haji nikiiandika mara moja, nataka barua pepe iione, ankara iione, ramani iione, na tarehe ya meli ijitokeze yenyewe bila mimi kufungua chochote. Hilo haliwezi kuletwa na mtu wa nje, ni lazima lijengwe chini kabisa na mwenye kifaa. Wapenzi wa N800 walijaribu. Walihamishia humo GPE, mkusanyiko wa kalenda, orodha ya kazi na majina uliozaliwa kwenye vifaa vya iPAQ. Niliitumia, na niliipenda kama unavyompenda mtu anayejitahidi. Lakini majina ya GPE yalikaa upande wake, na majina ya kuchati yalikaa upande wake. Mwishoni mwa 2007 kampuni ya ACCESS ikatoa programu iliyoweza kuendesha ndani ya N800 kalenda na madaftari ya vifaa vya Palm vilivyokuwapo tangu 1996. Hebu fikiria: kifaa kipya cha intaneti kinavaa mavazi ya kifaa cha miaka kumi na moja nyuma ili kipate kukumbuka miadi.

Nokia yenyewe ilikuja kulimaliza hilo kwenye N900, mwishoni mwa 2009. Kalenda ikawamo, na orodha ya majina ikawa moja, na Skype ikasoma majina kutoka humohumo. Laini nayo ikawamo. Kwa hiyo simu ilinufaika kwa sababu orodha ilitengenezwa vizuri kwanza. Kinyume chake sijakiona popote.

5. Jina la biashara halitoshi

Nisije nikaonekana nadai kwamba kila kishikwambi kilichojiita cha kazi kilikuwa cha kazi.

BlackBerry, watu waliojenga jina kwa barua pepe za maofisini, walitoa PlayBook Aprili 2011. Haikuwa na programu yake ya barua pepe, wala kalenda, wala orodha ya majina. Ili uvipate ulipaswa kuiunganisha na simu ya BlackBerry iliyo mfukoni. Vilikuja Februari 2012, na wakati huo kampuni ilikuwa imekwisha kufuta dola milioni 485 kwenye vitabu vyake kwa mali iliyolala ghalani.

Cisco walikwenda njia nyingine. Cius yao, iliyotangazwa Juni 2010, ilikuwa kishikwambi cha inchi saba cha ofisini chenye kitako cha mezani na mkono wa simu, na shughuli yake kubwa ilikuwa kuzungumza kwa video. Mei 2012 wakaacha kuitengeneza.

Katikati yao ikapita iPad ya 2010. Ile ya kwanza haikuwa na kamera hata moja, lakini kalenda na majina vilikuwamo, na siku ilipotangazwa, programu za kuandikia na za majedwali zilitangazwa pamoja nayo. Wengi waliinunua kwa ajili ya sinema na michezo, najua, kwa hiyo siidai kama ushahidi kamili. Ninachosema ni kwamba kukosa kamera hakukuiua.

6. Betri nayo ina maoni yake

N800 ilikuwa na betri ya miliampea-saa 1500. Jedwali likifunguliwa na kufungwa, waifai ikiwa imezimwa, ilinimalizia siku ya yadini na kubaki. Kuiacha waifai hewani ikisubiri simu ambayo huenda isiingie ilikuwa habari nyingine. Vifaa vya leo vimekuwa na betri kubwa, na programu zimekuwa na njaa kubwa zaidi.

7. Ami naye ana hoja

WhatsApp ilianza 2009, ikaweka simu za sauti 2015, na 2018 ikaleta toleo la wenye maduka. Leo ukiingia Kariakoo na kuuliza biashara inaendeshwa kwa programu gani, hutajibiwa jina la jedwali lolote. Picha ya spea inatumwa, bei inaulizwa kwa ujumbe wa sauti, mteja wa Lubumbashi anapiga, mzigo unatoka. Programu ya maongezi imeila biashara nzima, na haikungoja kalenda ya mtu.

Ami huninyooshea hiyo kila tunapobishana. "Wewe na mistari yako. Mtu ananunua kwa sababu nimemwuliza mama yake anaendeleaje." Na kweli. Biashara yetu imejengwa kwa kauli. Mteja anayekukopesha imani anataka kusikia pumzi yako unapotaja bei. Nimemwona ami akigundua kwa sauti tu kwamba mtu hana pesa, na akakataa kumtumia mzigo. Hakuna nguzo ya jedwali inayoweza kubeba hilo.

Lakini kisa hiki nacho kilitokea dukani kwetu. Muuzaji mmoja, simtaji, alituletea ankara yenye bei ya giaboksi ambayo ami aliapa hakuikubali. Makubaliano yalikuwa kwenye jumbe za sauti. Tulikaa mimi na ami na kahawa, tukizisikiliza kurudi nyuma moja baada ya nyingine: salamu, pole za msiba, mvua, mpira, salamu tena, bei ya kitu kingine, mtoto analia nyuma. Bei tuliyoitafuta ilikuwamo, imetajwa mara mbili, na kila mara ni tofauti. Muuzaji naye alikuwa na ujumbe wake wa kutusikilizisha. Tuligawana tofauti, na ami alitoka akiwa amenuna.

Siku hizi wanapatana kwa mdomo kama zamani. Mimi nimekaa pembeni na kishikwambi, bei ikikubaliwa naiandika kwenye mstari wake pamoja na tarehe, kisha napiga picha ya mstari ule na kuirusha kwenye WhatsApp ya yule muuzaji. Akijibu "sawa", tumemaliza. Ami huniita karani wa mahakama.

8. Zima data kabla hujatoa pesa

Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, kama Kenya ilivyofanya 2019. Karani aliyebisha hodi kwako alikuwa na dodoso ndani ya kioo, na fomu ile ndiyo iliyokuwa roho ya kifaa. Kazi ilipokwisha, vishikwambi vile vikaenda kwa walimu. Sikumsikia mtu akilalamika kwamba havikutanguliza simu. Mwalimu ana simu yake mfukoni tayari.

Hilo la simu ya mfukoni ndilo lililonifanya nitulie. Mwaka 2007 mtu aliweza kudai kwamba kishikwambi kimwokolee gharama ya simu, kwa sababu dakika za nje zilikuwa ghali. Leo mwenye kishikwambi cha dukani ana simu, na simu ile inapiga vizuri kuliko kishikwambi, na hailazimiki kushikwa kwa mikono miwili kama sinia.

Mdogo wangu alipotaka kununua kimoja kwa ajili ya duka la pili, nilimpa masharti matatu ya kumwambia muuzaji wa Aggrey. Kwanza zima data na waifai, kisha fungua programu ya stoo uone kama inafunguka na kukubali kuandikwa. Pili, andika jina la mteja kwenye orodha ya majina, halafu nenda kwenye programu ya ankara uone kama inalifahamu jina hilo. Tatu, jaribu kuitoa orodha yote ya stoo kama faili la jedwali ambalo kompyuta nyingine inaweza kulisoma, ili siku programu ikianza kudai malipo ya mwezi usiyoyaweza, uondoke na mali yako.

Muuzaji wa kwanza alicheka sharti la kwanza. Alisema hakuna anayezima data siku hizi, akamwonyesha jinsi kamera ya mbele inavyong'arisha uso wakati wa simu ya video. Duka la nne ndilo lililokuwa na kifaa kilichopita yote matatu. Kilikuwa kimetumika, kina mkwaruzo pembeni, na spika yake ya simu inakoroma. Tulikichukua.